Mwenye Ufunguo

Mwishoni mwa mwaka 1945 watazamaji wa sinema nchini Uingereza walianza kumlilia mwanamke aitwaye Laura. Filamu ilikuwa Brief Encounter, iliyoongozwa na David Lean kutokana na mchezo wa jukwaani wa Noël Coward. Laura ni mke wa mtu na ana watoto. Alec ni daktari, naye ana mke. Wamefahamiana stesheni ya treni, wakapendana, na siku moja Alec anapata fursa ya kutumia fleti ya rafiki yake. Kabla jambo lolote halijatokea, mwenye fleti anarudi mapema. Laura anatokea mlango wa nyuma, anakimbia mvuani, na ukumbi mzima unatafuta leso.

Hollywood kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumfuata Laura mvuani. Yeye alibaki ndani na mwenye fleti. Billy Wilder alijiuliza huyu bwana ni nani, huyu aliyepewa dakika chache tu na filamu kisha akasahauliwa. Anaishi maisha gani mtu anayewaachia wenzake ufunguo, halafu usiku anarudi kujilaza peke yake kwenye kitanda ambacho bado kina joto la wapenzi wa watu? Wazo hilo aliliandika daftarini, likakaa humo kwa takriban miaka 15. Lilipotoka lilikuwa The Apartment, filamu ya mwaka 1960 ambayo mpaka leo huwekwa kwenye rafu ya vichekesho vya mapenzi. Rafu hiyo naikubali nusu. Mapenzi yamo, vichekesho vimo, lakini kinachoisukuma hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho ni cheo kazini na ufunguo wa nyumba ya kupanga.

Kusubiri kote huko kulikuwa na sababu. Tangu 1934 studio za Marekani zilikuwa zikifuata kwa ukali kanuni za maadili za filamu, zilizojulikana kwa jina la Hays. Uzinzi uliruhusiwa kuwamo kwenye hadithi ikiwa tu hadithi inauhitaji, usipendezeshwe, na mwenye kuutenda asiachwe hivi hivi. Kuufanyia mzaha, tena wahusika wakiwa waume wenye heshima zao wanaopokezana chumba kimoja kwa zamu, kulikuwa nje ya mipaka kabisa. Mipaka hiyo ilianza kulegea polepole. Televisheni ilikuwa imewabakisha watu sebuleni, na sinema ilihitaji kitu ambacho sebule haikiruhusu. Mwaka 1953 Otto Preminger alitoa The Moon Is Blue bila muhuri wa wakaguzi, na watu wakaenda kuitazama. Mwaka 1959 Wilder naye akatoa Some Like It Hot bila muhuri huo, wanaume wawili wakijificha ndani ya magauni, nayo ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi mwaka ule.

Wilder mwenyewe alikuwa amekwishahama sana kufikia hapo. Alizaliwa mwaka 1906 huko Sucha, mji mdogo wa Galicia uliokuwa chini ya ufalme wa Austria na Hungaria na sasa uko Poland. Alifanya kazi ya uandishi wa habari Vienna na Berlin, akiishi kwenye vyumba vya kupanga, kisha akaingia kwenye uandishi wa filamu. Mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka, Wilder, Myahudi, alikimbilia Paris, na mwaka uliofuata akafika Marekani na Kiingereza cha kuokoteza. Mama yake aliyebaki nyuma aliuawa na Wanazi. Mwandishi mwenzake, I.A.L. Diamond, alizaliwa Bessarabia mwaka 1920, wakati huo ikiwa sehemu ya Romania, akakulia Brooklyn. Hawa ndio waliokaa chumba kimoja, mmoja kwenye taipureta na mwingine akitembea huku na huko, wakaandika hadithi ya karani wa Kimarekani ambaye hana mahali pake hata nyumbani kwake.

Walihitaji pia kisa cha kulifungamanisha wazo na ofisi, na Hollywood yenyewe iliwapa. Desemba 1951 mtayarishaji wa filamu Walter Wanger alimpiga risasi wakala wa mke wake, Jennings Lang, kwenye maegesho ya magari. Mke huyo alikuwa mwigizaji Joan Bennett. Lang alipona, Wanger akafungwa miezi michache, kisha akarudi kazini kama kawaida. Magazeti yalishughulika na bastola. Wilder na Diamond waliokota jambo dogo lililozungumzwa mjini, kwamba Lang na Bennett, waliosemwa kuwa wapenzi, walikuwa wakikutana kwenye fleti ya kijana aliyekuwa chini ya Lang kazini. Hapo ndipo rafiki wa filamu ya Lean alipogeuka kuwa mfanyakazi, na hisani ikageuka kuwa biashara. Rafiki hukupa ufunguo kwa sababu anakupenda. Mtu wa chini yako anakupa kwa sababu wewe ndiye unayejaza fomu ya kumpandisha cheo.

Filamu inaanza Novemba 1959 kwa hesabu. Sauti ya karani inatutajia idadi ya wakazi wa New York, 8,042,783. Kampuni yake ya bima ina wafanyakazi 31,259 katika makao makuu. Yeye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, na baada ya makato anapokea dola 94.70 kwa wiki. Anaitwa C.C. Baxter na anachezwa na Jack Lemmon. Fleti yake, karibu na bustani ya Central Park, anailipia dola 85 kwa mwezi. Ukizipatanisha hesabu hizo unaona kitu ambacho filamu haikisemi kwa sauti, kwamba kodi ya mwezi mzima haifiki mshahara wa wiki moja. Baxter hana njaa wala deni. Anachokikimbia ni ile meza namba 861.

Na meza hiyo ilipaswa kutisha. Kazi hiyo alipewa Alexandre Trauner, msanifu wa mandhari aliyezaliwa Budapest, ambaye wakati wa vita alifanya kazi kwa kujificha huko Ufaransa, akisaidia kujenga Paris ya kale ya filamu Les Enfants du Paradis. Wilder alitaka ofisi isiyo na mwisho, kama ile ya filamu ya King Vidor ya mwaka 1928, The Crowd. Studio haikuwa na ukumbi wa ukubwa huo, kwa hiyo Trauner aliyadanganya macho. Mbele aliweka meza za kawaida na waigizaji wa kimo cha kawaida. Nyuma yao meza zikawa ndogo kidogo na watu wafupi zaidi, kisha ndogo zaidi, mpaka nyuma kabisa ambako ni vimeza vya kuchezea na watu wa kukatwa kwa karatasi ngumu. Dari lenye safu za taa linashuka kadiri linavyokwenda mbali. Mpigapicha Joseph LaShelle alilichukua hilo kwa nyeusi na nyeupe kwenye skrini pana, na jicho linakubali kwamba ukumbi ule unaendelea mpaka upeo wa macho. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi nikijua siri yake, na bado nadanganyika.

Katika ukumbi ule kengele ya kutoka inalia kwa zamu, ghorofa hii dakika hii, ghorofa ile dakika ile, ili lifti zisielemewe. Baxter peke yake anabaki mezani. Hana bidii ya ajabu. Nyumbani kwake kuna mtu.

Mameneja wanne wanamiliki ufunguo wake kwa zamu, naye ana kalenda ya mezani ya kuwapangia siku. Mmoja wao, Dobisch, anampigia simu usiku wa manane, amepata mwanamke baa, na Baxter aliyekwishameza dawa ya usingizi anatolewa kitandani. Analala kwenye benchi la bustani kwenye baridi. Kesho yake ana mafua, ana homa, anataka kulala kwake usiku mmoja tu. Ili aupate inambidi ampigie simu meneja wa kwanza, ambaye anaweza kuhamia siku nyingine iwapo wa pili atakubali kusogea, na wa pili anamtegemea wa tatu. Lemmon anaicheza hiyo na kipimajoto mdomoni na leso mkononi, akiwapigia wakubwa zake waliomo kwenye jengo lilelile, kwa sauti ileile ya adabu ambayo karani hutumia kupanga vikao. Sijui kipande kingine cha filamu kinachoonyesha vizuri hivyo namna uchafu unavyoendeshwa kwa nidhamu ya ofisi. Hakuna anayepaza sauti, na kila mtu anashukuru kwa ushirikiano.

Majirani, wakati huo, wana hesabu yao. Daktari Dreyfuss wa mlango wa pili anasikia vicheko vya wanawake kila usiku na kuona chupa tupu nje ya mlango, akaamua kwamba kijana huyu mwembamba ana nguvu zisizo za kawaida. Anamwomba akiachie chuo kikuu mwili wake wautafiti. Baxter hawezi kukanusha bila kuwataja wakubwa, kwa hiyo anabeba sifa ya uhuni ambao hajawahi kuufanya. Yeye chakula chake cha jioni ni cha kupasha moto, anakula mbele ya televisheni.

Malipo yanakuja kutoka juu zaidi ya alivyotarajia. Mkurugenzi wa wafanyakazi, Bwana Sheldrake, mume wa mtu na baba wa watoto wawili wa kiume, amegundua siri ya ufunguo. Anamwita Baxter ofisini, anamtisha kidogo, anamzungusha, kisha anautaka ufunguo yeye mwenyewe. Badala yake anatoa tiketi mbili za onyesho la muziki The Music Man na ahadi ya cheo. Baxter anapata chumba chake chenye kioo mlangoni. Tiketi anazipeleka kwa Fran Kubelik, msichana wa lifti, na jioni anamngoja nje ya ukumbi wa Majestic. Fran haji. Yuko kwenye mgahawa wa Kichina na Sheldrake, na kutoka hapo wataelekea fleti ambayo hajui ni ya nani.

Namna Baxter anavyokuja kuligundua hilo ndiyo sababu wanafunzi wa uandishi wa filamu hupewa The Apartment waichambue. Kuna kikasha cha poda chenye kioo kilichopasuka. Baxter amekiokota kwake baada ya usiku wa Sheldrake, akamrudishia Sheldrake kwa heshima zote. Siku nyingi baadaye, kwenye sherehe ya Krismasi ofisini, pombe ikimwagika na makarani wakibusiana kati ya meza, amenunua kofia mpya ya kimkubwa na anataka Fran amwambie inavyomkaa. Fran anampa kioo chake ajitazame. Baxter anaona ule ufa. Hamuulizi kitu. Anasema tu kwamba kioo kimevunjika, na Fran anajibu kwamba anakipenda hivyo hivyo, kwa kuwa kinamwonyesha jinsi anavyojihisi. Uso wa Lemmon umegawanyika sehemu mbili ndani ya kioo, basi, imekwisha. Waandishi wengi wangeweka hapo kurasa mbili za kugombana.

Baada ya hapo vichekesho vinaingia mahali ambapo havikutarajiwa kuingia. Usiku wa kuamkia Krismasi, kwenye fleti, Fran anamletea Sheldrake zawadi aliyomchagulia, sahani ya santuri. Sheldrake hana zawadi. Anachomoa noti ya dola mia moja, anamwambia ajinunulie kitu, kisha anawahi treni ya kurudi kwa mkewe. Fran anabaki na noti na chupa ya vidonge vya usingizi vya Baxter. Baxter anaporudi anamkuta hajitambui, anamkimbilia Dreyfuss, na kwa dakika kadhaa filamu haina mzaha hata chembe. Daktari anampiga makofi, anamnywesha kahawa, anamlazimisha atembee chumbani ili asilale. Halafu anamgeukia Baxter, akiamini kwamba ndiye aliyemfikisha binti wa watu hapo, na anamwambia kwa hasira akue, awe mtu. Baxter anapokea lawama kwa niaba ya bosi. Asubuhi anampigia Sheldrake simu, na Sheldrake, watoto wake wakifungua zawadi pembeni, hana nafasi ya kuja.

Wapo waliosema mwaka ule, na wapo wanaosema leo, kwamba jaribio la kujiua halina mahali katika filamu ya kuchekesha. Kwangu, bila usiku ule vicheko vyote vya mwanzo vingekuwa vya uongo. Mameneja wanne wametuchekesha kwa saa nzima. Sasa tunajua gharama ya kicheko hicho imelipwa na nani.

Uzito huo usingebebeka bila waigizaji waliopatikana, na mmoja alipatikana kwa msiba. Sheldrake alikuwa achezwe na Paul Douglas, aliyefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Septemba 1959. Wilder alimwendea Fred MacMurray, ambaye miaka 15 hivi nyuma alikuwa amemchezea wakala wa bima muuaji katika Double Indemnity. MacMurray alisita. Wakati huo alikuwa baba mwema wa filamu za Disney na alikaribia kuanza kipindi cha televisheni cha baba mwema mwingine. Ndiyo maana alifaa. Sheldrake wa kutisha usoni angekuwa rahisi, mtazamaji angejilinda mapema. Huyu ana tabasamu la mzazi wa jirani, na anadanganya kwa upole. MacMurray alisimulia baadaye kwamba mwanamke mmoja alimpiga kwa mkoba wake huko Disneyland kwa kuwaharibia watoto jina zuri la Disney.

Shirley MacLaine, anayemcheza Fran, aliingia kazini skripti ikiwa haijakamilika. Wilder na Diamond walikuwa wakiandika huku wakipiga picha, wakimwangalia anavyozungumza na kutembea. Wakati ule alikuwa akijifunza kucheza karata za gin rummy na marafiki zake Frank Sinatra na Dean Martin, na mchezo huo ukaingizwa kwenye hadithi. Baxter anacheza karata na Fran kitandani anapomuuguza, akimweka macho na kumwondoa mawazoni, baada ya kuficha nyembe zote za bafuni.

Filamu ilitoka Juni 1960. Safari hii muhuri wa wakaguzi ulipatikana, jambo linaloonyesha jinsi kanuni zilivyokuwa zimechoka. Watu walijaa, lakini wahakiki waligawanyika. Hollis Alpert wa Saturday Review aliiona ni ngano chafu. Wengine walishindwa kumpenda shujaa ambaye, ukiondoa haya za Lemmon, ni kuwadi. Hawakukosea. Baxter anauza kitanda chake kwa cheo, na filamu haimfichi. Inachofanya ni kumwacha agundue mwenyewe ameuza nini.

Tarehe 17 Aprili 1961 The Apartment, iliyokuwa imeteuliwa kuwania Oscar 10, ilichukua tano, ikiwemo ya filamu bora, ya uongozaji na ya skripti. Wilder alirudi nyumbani na sanamu tatu usiku mmoja, na Trauner akapata yake kwa ofisi isiyo na mwisho. Lemmon alishindwa na Burt Lancaster. MacLaine, aliyekuwa Japani akitengeneza filamu nyingine, alishindwa na Elizabeth Taylor, aliyekuwa ametoka kuponea chupuchupu nimonia hadi akatobolewa koo ili apumue. MacLaine amekuwa akitania tangu siku hiyo kwamba tuzo yake ilichukuliwa na tundu la koo.

Wilder alipenda kusimulia alivyopokewa Berlin Mashariki. Wenyeji wake wakomunisti waliisifu filamu kwa kuufichua ubepari wa New York. Akawajibu kwamba kisa kama hiki kingeweza kutokea mji wowote duniani isipokuwa Moscow. Wakapiga makofi. Ndipo akawaeleza sababu, kwamba Moscow hakuna mtu mwenye fleti ya peke yake ya kumwazima mwenzake. Kama kisa chenyewe kilitokea hivyo hasa au kilinogeshwa njiani, kinamfaa mtu aliyeyakimbia mabavu ya Berlin miaka ya nyuma.

Ufunguo wa Baxter uliendelea kusafiri. Mwaka 1968 Neil Simon aliigeuza hadithi kuwa mchezo wa muziki wa Broadway, Promises, Promises, kwa nyimbo za Burt Bacharach na Hal David. Waliokulia kwenye picha za Kihindi huenda waliwahi kukutana na Baxter bila kumjua. Mwaka 1972 alikuwa Amitabh Bachchan, bado hajawa nyota, katika Raaste Kaa Patthar. Mwaka 2007, katika Life in a... Metro ya Anurag Basu, alikuwa kijana wa Mumbai anayejibu simu za wateja mchana na kukodisha fleti yake kwa wakubwa usiku. Mfululizo wa televisheni Mad Men, uliojengwa juu ya ofisi za New York za miaka hiyohiyo, unawafanya wahusika wake waijadili The Apartment kama watu walioitazama juzi, na Joan, anayetoka na bosi wake, hafurahishwi na jinsi yule msichana wa lifti alivyopitishwa mkono hadi mkono.

Mabishano makubwa yamebaki kwenye mwisho. Katibu muhtasi wa Sheldrake, Bi Olsen, ambaye zamani alikuwa kimada wake, anafukuzwa kazi na hapohapo anampigia simu mke wa bosi. Sheldrake anatimuliwa nyumbani na kuutaka tena ufunguo wa fleti ili amlete Fran usiku wa mwaka mpya. Baxter, ambaye sasa ni msaidizi wake huko ghorofa ya 27, anamkabidhi ufunguo. Sheldrake anautazama na kuona kwamba amepewa ufunguo wa choo cha wakubwa. Baxter hataki tena kwenda huko.

Fran anazisikia habari hizo mgahawani, kutoka kinywani mwa Sheldrake mwenyewe, naye anaondoka mbio. Anamkuta Baxter katikati ya maboksi, anahama, hana kazi. Wanakaa kwenye kochi, karata zinatolewa. Baxter anamwambia anampenda mno, tena akimwita Bi Kubelik kama alivyomwita siku zote kwenye lifti. Fran hajibu kwamba naye anampenda. Anamwambia anyamaze, agawe karata.

Wenye kudai busu wanasema Wilder aliwanyima. Mimi nadhani alijua anachofanya. Fran ameshaambiwa neno hilo na mtu mwenye mke na nyumba nzuri nje ya jiji, na lilimfikisha kwenye chupa ya vidonge. Huyu wa sasa anaanza kugawa, na Fran anapanga karata zake mkononi aone amepata nini.